Picha za Msumari

Jijini, 4 Februari 1985

Mama yangu, shikamoo.

Nimefika salama, na miguu ilivimba kwenye basi kama ulivyosema itavimba, basi umeshinda. Chumba nimepata, ghorofa ya pili, juu ya kibanda cha fundi viatu. Huyo bwana huanza kugonga nyundo kabla jogoo hawajaamka, kama jijini kuna jogoo, maana bado sijamsikia hata mmoja. Kibogoyo hajambo? Mwambie binti yangu jino lake nimelifunga kwenye leso, halijapotea. Na wewe usimpe sukari kila akikulilia, unamdekeza kuliko ulivyotudekeza sisi.

Kazi ni nzuri. Hapa makumbusho wamenipa chumba chenye madirisha makubwa na meza ndefu, nashona nguo za watu waliokufa zamani: makoti ya wapiga tarumbeta, magauni yaliyoliwa na nondo. Mkubwa wangu ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na siku nzima anaitafuta ile ya kichwani. Anasema mshono wangu hauonekani. Nikamwambia nimefundishwa na mtu ambaye ukionekana anakuzaba kofi.

Sasa habari ya mdogo wangu. Nilikwenda kwenye ile nyumba aliyotupa anwani alipofika. Mwenye nyumba anamkumbuka, kijana mrefu mwembamba, anasema alikaa miezi michache tu akahama, hakuaga. Ni zaidi ya miaka mitatu sasa. Usikate tamaa, Mama. Jiji ni kubwa, lakini Msumari wetu ni mrefu. Nimeamua kupita kote alikopiga zile picha alizokutumia, moja baada ya nyingine, labda yupo mtu anayemjua. Ulinikatalia nisizitoe ukutani hata moja, lakini nne zote ninazo kichwani.

Nimeanza na hapa hapa, ngazi za makumbusho. Mama, simba ni mmoja! Kwenye picha yake amesimama katikati ya simba wawili wa mawe. Nilimwuliza mlinzi wa mlangoni simba wa pili yuko wapi, akanitazama kama nimemwibia. Anasema amelinda hapa tangu ana nywele nyeusi, na simba ni huyo huyo, hajawahi kuwa na mwenzake.

Nimecheka mwenyewe hapo ngazini.

Mwanao.


Nyumbani, 23 Februari 1985

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, Kibogoyo ameng'oka jino la pili na sasa akicheka ni kama mlango ulioachwa wazi. Jirani yetu muuza mkaa ameleta suruali yake nimwongezee kiunoni, mara ya tatu mwaka huu. Nimemwambia kitambaa cha kuongeza kimekwisha, kilichobaki ni yeye kupunguza. Amenuna, lakini suruali ameiacha.

Huyo simba wa pili labda alikwenda kunywa maji. Usiwasumbue walinzi wa watu.

Nimefurahi kusikia madirisha ni makubwa. Unajua mimi hilo jiji nimeliona kwenye kalenda tu, ile niliyoitundika juu ya cherehani miaka yote hiyo hata mwaka wake ulipokwisha. Picha sita: ngazi za makumbusho, mnara wa saa, bustani yenye maji yanayoruka, soko la zamani, daraja, stesheni. Mdogo wako alipoing'oa ukutani siku ya kuondoka nilikasirika, akaniambia, "Mama, nitasimama kila mahali palipo humu, nikutumie picha, ni kama umetembea mwenyewe." Na ametuma nne, nyuma ya kila moja maneno yale yale kwamba yeye mzima na nisiwe na wasiwasi. Anwani haandiki. Mimi nazitazama kila siku nikiwa nashona, zote nne, shati moja lile la mistari nililomshonea.

Hebu niangalizie jambo. Huko jijini mafundi wanageuza kola? Kola ikichakaa kwenye mkunjo, wanaifumua na kuishona upande wa pili kama tunavyofanya sisi? Niulizie tu.

Nataka kujua mwanangu yuko wapi. Sitaki kitu kingine. Ukimwona mwambie sina kinyongo naye, hata kwa kalenda.

Mama yako.


Jijini, 17 Machi 1985

Mama, shikamoo.

Naomba radhi kwa kuchelewa, tulikuwa na koti la mkuu wa bendi ambalo bitana yake yote ilibidi ifumuliwe. Kola wanageuza, nimeuliza. Fundi wa mtaa wa nyuma ana rundo zima. Anasema shati la mtu anayefanya kazi ya jasho halimalizi mwaka kola haijaliwa. Kwa nini uliuliza? Unataka kuhamia huku kutunyang'anya wateja?

Jumapili nilikwenda kwenye mnara wa saa. Nilipanda mtaa wa wauza vitabu vilivyotumika, mtaa mzuri, nyumba zenye vibaraza vya mbao na maua kwenye makopo, ukitokea juu unauona mnara umesimama peke yake katikati ya njia nne. Mama, hauna mishale. Uso wa saa upo, namba zipo, mishale hakuna. Mwanamke anayeuza magazeti pale chini anasema iliondolewa ikatengenezwe kabla hajaolewa, na sasa ana watoto wanaonyoa ndevu. Kwenye picha ya Msumari saa inaonyesha saa nne na dakika kumi, nakumbuka vizuri kwa sababu ulisema alikuwa amepata chai.

Nikaenda bustanini. Bustani ni kubwa mno, ina miti iliyofungwa vibao vya majina kama watoto wa shule, na wazee wanacheza drafti na kutukanana kwa upole. Maji yanaruka kweli, lakini yanatoka kwenye mtungi wa sanamu ya mwanamke. Kwenye picha yalitoka kwenye mdomo wa samaki.

Nilikaa pale kwenye benchi nikakosa raha kabisa. Nikarudi kwa njia ya soko la zamani, ambalo paa lake ni la bati na kwenye picha ni la vigae, na hapo hapo kwenye kichochoro cha wauza fremu nikaona kibanda cha mpiga picha. Kioo chake kina vumbi. Ndani, kwa nyuma, limening'inia pazia kubwa lililochorwa ngazi. Na simba wawili.

Palikuwa pamefungwa. Nitarudi Jumamosi.

Mambo ya huku ni hayo. Mbusu Kibogoyo.

Mwanao.


Nyumbani, 5 Aprili 1985

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Tunaendelea vizuri. Muuza mkaa amelipeleka tumbo lake kwa fundi mwingine, akarudishiwa suruali inayombana zaidi, sasa anapita mbele ya kibaraza changu kama mtoto aliyevunja sahani.

Hilo duka usilisumbukie. Mapazia yako mengi.

Au nenda. Nenda, lakini nenda umekula, na usiende peke yako. Mchukue huyo mama wa miwani mbili.

Mama.


Jijini, 26 Mei 1985

Mama yangu, shikamoo.

Najua unanilaumu, mwezi mzima na zaidi bila barua. Nilikuwa na homa kidogo, nimepona. Usiwe na wasiwasi.

Lile duka halikuwa na lolote. Mwenyewe ni mzee, anapiga watu wengi, hawezi kukumbuka kila sura. Basi nikaona niendelee na kalenda yako. Nimefika kwenye daraja. Ni refu, la chuma, na ukisimama katikati treni ikapita chini yake unahisi mtetemo kwenye meno. Watu huenda pale jioni wakaegemea tu, hawafanyi kitu. Upande wa pili kuna mtaa wa wafua nguo, kamba zimefungwa kutoka dirisha hadi dirisha, shuka juu ya vichwa vya watu. Ungependa. Ungesimama ukakagua pindo zao zote.

Stesheni pia nimekwenda. Ukumbi wake una dari ya vioo vya rangi, na mchana sakafu nzima inakuwa nyekundu na buluu, watoto wanarukaruka kutoka rangi hadi rangi. Nilikaa pale mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Kuhusu mdogo wangu, nadhani amepata kazi mbali, wanasema vijana wengi huenda kwenye machimbo na barua hazitoki huko kirahisi. Atakuwa yuko huko. Bila shaka ataleta picha nyingine, wewe subiri tu.

Nguo za Kibogoyo nitazileta mwisho wa mwaka, kazi ikiisha. Meno yameota?

Mwanao akupendaye.


Nyumbani, 30 Juni 1985

Mwanangu,

Sisi wazima. Meno yameota mawili, makubwa kama ya mtu mwingine, lakini jina la Kibogoyo limeshamganda.

Barua yako ya machimbo ilifika. Wiki iliyofuata ikaja picha. Amesimama darajani. Bahasha ina mwandiko wake, anwani kaandika mwenyewe, nyuma kaandika kwamba yeye mzima. Nimeitundika na zile nne.

Sasa nisikilize, na usilie mpaka nimalize.

Picha hii ilikuja imezungushiwa karatasi isijikunje. Karatasi ya kaki, ile tunayochorea vipimo, ina alama ya chaki ya bega na nusu ya kwapa. Zile nne za mwanzo zilikuja bila karatasi yoyote, zimekunjika pembe. Mdogo wako hajawahi kushika karatasi ya vipimo maishani mwake, nilikuwa nikimwambia anishikie hata mkasi anakimbia. Hii umeituma wewe. Kuzungushia nilikufundisha mimi, ulipokuwa na umri wa Kibogoyo.

Sijakasirika. Mimi pia nimekuficha jambo, na nimekuficha muda mrefu zaidi.

Lile shati nililishona mwenyewe, nikampa siku ya kuondoka. Picha ya kwanza ilipofika nilitazama uso. Ya pili nikatazama uso. Ya tatu ilikuja mwaka umepita, nikaitazama kola. Mpya. Mkunjo umekaa kama nilivyoupiga pasi mimi. Mtoto anayebeba mizigo jijini, shati moja, mwaka mzima, kola haijachakaa wala haijageuzwa. Nikazishusha nikaziweka mezani pamoja, mkunjo mmoja wa mkono wa kushoto uko vile vile kwenye zote. Zilipigwa siku moja. Nikajua kwamba ninayemtazama ni wa siku moja, na siku hiyo imepita zamani. Ya nne ilipofika nilishukuru nikaitundika, nikawaambia majirani mwanangu anatembea.

Ulipopata kazi huko nilikwambia umtafute. Nilijua utakachokipata. Sikuwa na nguvu ya kulisema hili nikiwa peke yangu na cherehani, nikataka litoke kwa mtu mwingine. Nisamehe. Ulipoandika habari za pazia nilikuzuia, kisha nikaona aibu, nikakuruhusu. Uliponyamaza mwezi mzima nilikuwa nakwenda posta na kurudi, na nilikuwa nafurahi nikikuta hakuna kitu.

Lakini picha ya daraja si ya siku ile ile. Kola hiyo nilikata ya shingo ya inchi kumi na nne. Hapa imepwaya, ningeweza kupitisha vidole viwili. Na kifungo cha juu kimefungwa. Nimegombana na mtoto yule juu ya kile kifungo tangu anaanza shule, hajapata kukifunga hata siku ya mazishi ya baba yenu.

Niambie. Niambie yote, usinipunguzie.

Mama.


Jijini, 8 Julai 1985

Mama,

Leo sina salamu.

Jumamosi ile palikuwa pamefungwa tena; nilikwenda barua yako ilipofika, nilikuwa nimekula, na mama wa miwani alikuwa nami. Mpiga picha ni mzee mnene mwenye sauti ya chini. Nilipomwambia namtafuta kijana mrefu aliyepiga picha na simba wawili, hakuuliza ni nani. Alimwita mke wake, akafunga mlango wa duka, wakanikalisha.

Msumari alifanya kazi kwenye ghala la saruji. Kifua kilimshika mapema, Mama, hata nusu mwaka haukuisha. Alipokuja dukani na kalenda yako kwapani alikuwa amepumzika mara nyingi njiani. Hakuweza tena kutembea mpaka mnara wa saa, na ngazi za makumbusho hakuweza kabisa. Akaona mapazia yamechorwa mahali pale pale palipo kwenye kalenda. Mzee alikuwa ameyachora kwa kubahatisha tu, hajali simba ni wangapi, watu wanataka kupendeza. Siku ile wakapiga nne. Ya daraja na stesheni hayakuwepo. Msumari akamwomba ayachore. Mzee alimwambia hakuna mteja mwingine atakayeyataka, Msumari akasema, "Mama yangu anayataka." Akachora. Zilipita wiki nne, na Msumari aliporudi mke wa mzee ndiye aliyemsimamisha mbele ya pazia akamshikilia kiuno kutoka nyuma, chini ya ukingo wa picha, usimwone. Kifungo alikifunga yeye. Anasema shingo ilikuwa imekwisha na alitaka aonekane nadhifu kwa mama yake, na Msumari akamwambia, "Mama akiona kimefungwa atajua si mimi," wakacheka wote wawili mpaka kikohozi kikamshika.

Hakutaka ujue. Alijua ungeuza cherehani uje kuzunguka naye hospitalini. Aliandika bahasha zote sita, akamwachia mzee awe anatuma moja moja. Alisema akimaliza zote sita Mama atakuwa ameshaliona jiji lote, na hapo mtu amwandikie ukweli. Mzee alituma nne. Ya tano na ya sita zikamshinda, anasema kila akitoa bahasha kwenye droo mkono unamkataa, maana baada ya zile ni yeye wa kuandika. Amezeeka na siri yetu.

Alifia wadi ya watu wote, mwezi wa tisa, mwaka ule ule aliotoka nyumbani. Mzee na mke wake walikuwepo. Walimzika wao, kwenye makaburi ya jiji nyuma ya bustani kubwa. Mama, siku ile nilipokaa kwenye benchi nikiwaza habari za samaki na mtungi, alikuwa nyuma yangu, ng'ambo ya ukuta.

Kuna kibao. Mzee alikichora vizuri. Kalenda wamemlaza nayo.

Picha ya tano niliituma mimi, ndiyo. Nilitoka pale na bahasha mbili zilizobaki, nikiwa sina akili. Nikasema, kama yeye aliweza kukutunza akiwa hana pumzi, mimi nitashindwaje nikiwa na miguu? Nikadhani nitakutumia na ya sita, halafu nitafute uongo mwingine. Nisamehe, Mama. Ningeendelea mpaka uzeeni.

Ya sita iko hapa mezani. Ni ya stesheni. Amekaa kwenye kiti, na anatabasamu. Nifanye nini nayo?

Mwanao.


Nyumbani, 2 Agosti 1985

Mwanangu mpendwa,

Nilipoisoma barua yako nilifunga mlango. Muuza mkaa alikuja akagonga, nikamwambia cherehani imeharibika. Akakaa kibarazani pale pale siku nzima, akifukuza wateja. Jioni nilimfungulia nikamwambia mwanangu amekufa. Ni mara ya kwanza nimesema kwa sauti. Kibogoyo akauliza, "Yule wa picha?" Nikasema ndiye.

Nimelia sana, na bado nalia, sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Kinachoniuma ni zile siku alizopumzika njiani na kalenda kwapani. Mimi nilikuwa hapa napiga kelele juu ya suruali za watu.

Usinisamehe wala nisikusamehe, tuliache hilo.

Picha ya sita usiitume. Nakuja kuichukua mwenyewe. Tiketi ya treni nimekata, ya tarehe ishirini, Kibogoyo anakuja nami, na miguu ikivimba na ivimbe. Nikifika nisipumzishwe. Nipeleke kwenye ngazi zako kwanza nimwone simba mmoja. Halafu mnara usio na mishale, halafu maji, halafu soko, tena polepole, kwa mpangilio wa kalenda. Nataka kusimama katikati ya daraja treni ikipita. Stesheni nitaipita nikishuka, lakini nitafumba macho, unishike mkono, tutairudia kwa zamu yake. Mwana aliahidi, na mimi nitatembea. Tukimaliza yote sita ndipo unipeleke nyuma ya bustani.

Mzee mpiga picha mwambie nitasimama mbele ya mapazia yake pia, kama bado anayo. Nyuma ya picha hiyo nitaandika mwenyewe.

Na kuna kazi moja nakupa kabla sijafika. Nina kitambaa kizuri nilichokuwa nimekiweka, cha buluu, nilikuwa nangojea arudi. Yule mama aliyemfungia mwanangu kifungo, nenda ukampime. Mabega, kifua, urefu wa mkono. Mpime akiwa amesimama, usikisie kwa macho, na uniandikie haraka, nipate kumaliza kabla ya safari.

Mama yako.